Mshika Tochi

Fundi hakuangushwa na gari. Miaka yote aliyolala chali chini ya vyombo vya watu, jeki ikilia karibu na sikio, hakupata hata mkwaruzo wa kuonyesha wageni. Akaja kuangushwa na kipande cha sabuni, bafuni kwake mwenyewe, na mkono wa kulia ukavunjika juu ya kiwiko na chini yake. Jirani yao wa ukuta mmoja, mwanamke ambaye mtaa ulimwita Redio kwa kuwa hakuumbwa na kitufe cha kuzimia, aliifikisha habari hiyo hadi stendi kabla majeruhi hajasaidiwa kuvaa suruali.

"Wenzake wanaangukia vitani," alisema Redio, "yeye kaangukia povu."

Plasta ikapanda kutoka vidoleni mpaka karibu na bega, na Fundi akawa mtu wa kukaa mlangoni mwa banda lake la kazi, akizitazama spana zilizopangwa ukutani kama mtu anayetazama picha za harusi ya zamani. Kaka yake mkubwa akaanza kuja kila siku. Huyu aliitwa Mwenyekiti, si kwa cheo chochote, ila popote alipoingia alikwenda moja kwa moja kwenye kiti kizuri kuliko vyote, hata kama kilikuwa na mtu. Mwanzoni alikuja kumpa mdogo wake pole. Baadaye akaja na futi ya kupimia kuta. Kisha akaomba ufunguo wa banda, "niwe nachungulia usalama," na Fundi, ambaye maumivu yalikuwa yamemnyang'anya usingizi pamoja na hoja, akampa.

Mkewe alizipata habari zilizobaki kwa njia ileile ya habari zote za mtaa ule, juu ya ukuta, akiwa anaanika nguo.

"Shoga," Redio alisema, kidevu kimelala juu ya tofali, "shemeji yako anataka kuweka saruji humo bandani."

"Kuziba ufa?"

"Ufa wapi! Mifuko. Stoo. Nimemsikia kwa masikio yangu haya akimwambia mtu kwenye simu, hata kesho wapakie. Eti banda lisilo na mwanaume ni kibanda cha kuku."

Mke wa Fundi alikuwa anabana soksi kwenye kamba. Aliibana mpaka kibanio kikakatika.

Yeye aliitwa Mama Tochi. Jina alibandikwa na Mwenyekiti huyohuyo, zamani, siku moja nyumba imefurika wageni, mtu alipouliza shemeji anafanya kazi gani. Kabla hajafungua mdomo, alijibiwa: "Anamshikia mumewe tochi." Watu wakacheka, naye akacheka, maana ilikuwa kweli. Banda lilikuwa na giza mchana kweupe: mabati juu, kuta pande tatu, na ukiinama ndani ya boneti kivuli chako mwenyewe kinakufunika. Tangu walipooana, kila kazi ilipokuwa ngumu, sauti ya Fundi ilitoka chini ya gari: "Mama, tochi." Naye anakuja, unga bado mikononi, anamulika. Na nani asiyejua maisha ya mshika tochi? Akimulika hapa, anaambiwa pale. Akimulika pale, anaulizwa kama ana macho. Gari likipona, sifa ni za fundi. Bolti ikipotea, tochi ndiyo iliyoipoteza.

Ila kuna jambo watu hawalifikirii. Huwezi kumulika usichokitazama. Kila alichokiona Fundi katika matumbo ya magari miaka yote hiyo, mkewe alikiona wakati uleule, tena akiwa wima, tena bila oili machoni.

Sasa bandani lilikuwa limebaki gari moja tu, la mkunga. Gari dogo, lakini lenye turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa gari lenyewe na kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Barabarani lilikimbia vizuri. Shida yake ilikuwa kusimama. Ukifika njia panda, ukiinua mguu tu, injini inatetemeka kama mtu aliyetoka kwenye maji baridi, halafu kimya. Fundi alikuwa amelisikiliza asubuhi ileile ya sabuni, akatikisa kichwa, akasema kwanza akaoge.

Mkunga alikuja kulifuata siku ya pili baada ya zile habari za ukutani, jua limeshaanza kuinama. Alikuwa mwanamke mwembamba wa maneno machache, amezoea kusubiri watu wengine wapige kelele mpaka wamalize. Mwenyekiti alikuwa kitini. Fundi alikuwa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Turbo imekufa," Mwenyekiti alimwambia mkunga. "Mimi nasema ukweli, sifichi. Ikishakufa imekufa. Nina mtu wangu ataing'oa."

"Mimi nataka lisizime njiani," mkunga alisema. "Watoto hawasubiri."

"Ndiyo maana nakwambia. Hapa huwezi kupata msaada tena. Mdogo wangu mkono wenyewe ndio huo." Akamgeukia Fundi na kushusha sauti kidogo tu, kiasi cha watu wote kuendelea kusikia. "Tulizungumza, si ndiyo? Mteja wa mwisho akiondoka, banda linakaa bure. Saruji haihitaji mkono."

Fundi alitazama plasta yake. "Kama gari hili halitatengemaa leo," alisema, "basi kaka, chukua banda. Sina mkono, na sina nguvu za kubishana."

Mama Tochi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliyasikia yote. Akaliweka sinia juu ya tairi kuukuu, taratibu, bila kumwaga hata tone. Akakaza kitambaa kichwani. Akapita katikati yao na kuliangua koti la kazi la mumewe pale msumarini.

"Shemeji, unakwenda wapi?" Mwenyekiti aliuliza.

"Kazini."

"Kazi ipi?"

"Mmesema leo. Leo haijaisha. Wewe kaa, kiti kisije kikapoa."

Mikono ya lile koti ilikuwa mirefu. Mama Tochi aliikunja mara mbilimbili, akafungua boneti, akaitia tochi mdomoni, maana mshika tochi hakuwepo.

Redio alikuwa ameshaipata habari, Mungu ajua kwa waya gani. Kichwa chake kilitokea juu ya ukuta, kisha mabega, kisha akaona taabu ya nini, akazunguka akaingia kwa mlango na kigoda chake. Nyuma yake wakaja wapangaji wa nyumba ya pili, na wifi wa Mama Tochi aliyekuwa amekuja kuomba chumvi na sasa hakuwa na haraka nayo. Nyumba ile haikuwahi kujua upweke ni nini.

"Anafanya nini?" wifi alinong'ona.

"Anasafisha throto," Redio alisema. "Usiniulize throto ni nini."

"Ni koo," Mama Tochi alisema kutoka ndani ya boneti, tochi ikimlazimisha kutafuna maneno. "Koo la injini. Kuna kisahani ndani kinafungua na kufunga. Ukikanyaga mafuta kinafunguka, hewa inaingia. Ukiinua mguu kinajifunga, kinaacha upenyo kidogo tu wa kupumulia. Sasa upenyo wenyewe ukiziba?"

"Unakufa," Redio alisema.

"Gari linazima. Ndiyo hayohayo."

Mwenyekiti alikohoa kikohozi cha mtu mwenye hekima. "Kazi yote hiyo ya nini? Washa injini, pulizia dawa hapo mbele kwenye njia ya filta, inajisafisha yenyewe. Sisi ndivyo tulivyofanya."

Mama Tochi alitoa tochi mdomoni ili amjibu vizuri. "Mlifanya hivyo kwenye kabureta, shemeji, enzi zenu. Hili lina turbo. Nikipulizia huko mbele, dawa inapita kwanza kwenye turbo, inapita bomba lote, inapita kipozeo cha hewa, inasomba oili na takataka zote za njiani, halafu inailisha injini. Mtu akizibwa pua, humwogeshi kisogo."

Wapangaji wakacheka. Mwenyekiti akanywa chai ambayo haikuwa yake.

Mama Tochi akachomoa waya wa betri kwanza. Akachomoa soketi ya throto, polepole, kwa kukibonyeza kile kimeno chake, maana Fundi aliwahi kukivunja kimoja na tochi ikalaumiwa. Akalegeza klipu za lile bomba nene la mpira linaloleta hewa kutoka kwenye kipozeo, akalivuta bomba zima, akafungua bolti nne, na throto ikamjia mkononi, nzito kama kitumbua cha chuma. Hapo akafanya lile ambalo hakuna fundi wa banda lile aliyewahi kulisahau. Kutoka mfuko wa koti alitoa vipande vya gauni lake jekundu la zamani, akaziba navyo mdomo wa injini na ule wa kipozeo, mikia ikining'inia nje. Ilikuwa sheria ya Fundi: tundu la injini huzibi kwa kitambaa cheusi wala cha bluu, huzibi kwa karatasi. Unaziba kwa kitu chekundu chenye mkia, ili hata ukiitwa msibani ukarudi umechanganyikiwa, kikupigie kelele.

Akampelekea mkunga ile throto, akamulika ndani.

Ukingo wa kisahani ulikuwa na duara jeusi, nene, linalong'aa, kama ukoko wa sufuria iliyosahauliwa jikoni.

"Turbo inasukuma hewa, na hewa inakuja na mvuke wa oili," Mama Tochi alisema. "Kidogokidogo. Huu hapa ndio uliokuwa unakuzimia gari njiani."

Mkunga aliutazama kwa muda. "Nimeona koo lililoziba kuliko hili," alisema, "na mtoto alilia."

Mama Tochi akaanza kusafisha. Hakuipulizia throto dawa ovyo. Alipulizia kitambaani, kwa sababu ubavuni mle mna mota ndogo ya umeme, na mota haipendi kuogeshwa. Alikisukuma kisahani kwa kidole, kwa upole, akasugua ukingo kwa mswaki mkuukuu, akageuza, akasugua upande wa pili.

Fundi alishindwa kuvumilia. "Mama, usije ukakichokonoa kwa bisibisi, kina..."

"Mume wangu. Kunywa chai."

"Kaka kainywa."

Kitambaa kilichokuwa cheupe kikawa cheusi, cha pili kikawa kijivu, cha tatu kikatoka kama kilivyoingia. Akaikagua raba ya kuzuia hewa, akaona bado nzima, akairudisha. Bolti nne, akizikaza kwa kupishana kona. Akavichomoa vile vyekundu na kuvionyesha hewani ili wote wavione. Akarudisha bomba. Klipu ya juu ilikuwa rahisi. Ya chini ilikuwa kule gizani, nyuma ya kipozeo, mahali ambapo mkono unafika na jicho halifiki. Mate yalikuwa yanamchuruzika kwa sababu ya tochi iliyorudi mdomoni. Akaitema, akaipapasa ile klipu kwa vidole, akaikaza kwa kuhisi.

Akarudisha soketi na waya, akaingia kwenye gari, akawasha.

Injini ikalia juu, juu sana, kama imekanyagwa na shetani. Wapangaji wakarudi nyuma. Wifi akasema chumvi yenyewe angekuja kuichukua kesho.

"Umeiua!" Mwenyekiti aliinuka kitini, jambo ambalo halikutokea kirahisi, akafika mlangoni mwa gari na kuingiza mguu mzima kati ya miguu ya shemeji yake. "Sogea niipige mafuta, nikanyage nikanyage itashuka..."

Mama Tochi akazima. Akachomoa ufunguo wa gari, akautia kifuani.

"Anayetaka kukanyaga," alisema, "akakanyage viatu vyake."

"Hujui unachofanya."

"Najua. Tatizo lako ni kwamba hukuwahi kuniuliza." Aliongea kwa sauti ya kumfikia kila aliyekuja na kigoda. "Gari hili lina kompyuta. Miezi yote hii koo limeziba, kompyuta imejizoesha kukifungua kisahani zaidi ili hewa ipite. Ni kama mtu anayeishi na mkwe kiziwi. Amezoea kupiga kelele. Siku ukimzibua mkwe masikio, yule mtu haachi kelele hapohapo. Anaendelea kumpigia mkwe makelele mpaka agundue anasikiwa. Sasa tunaliacha gari ligundue. Halikanyagwi, haliguswi, halisemeshwi."

Akaurudisha ufunguo, akaugeuza hadi taa zikawaka bila kuwasha injini. Akasubiri. Akazima, akasubiri tena. Kazi ya kufungua bolti nyumba ile ingeiweza. Kazi ya kukaa bila kufanya kitu ilikuwa adhabu. Redio alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mwenyekiti alitembea hadi ukutani na kurudi. Fundi alikuwa amefumba macho, akisikiliza kimya chenyewe.

Mama Tochi akawasha. Injini ikalia tena juu. Mama Tochi akaweka mikono mapajani. Ikalia, ikalia, kisha ikashuka kidogo, ikapanda, ikashuka tena kama mtu anayejaribu ngazi gizani, halafu ikakaa. Ikanguruma chini, laini, bila kutetemeka. Kikombe ambacho Mwenyekiti alikuwa amekiacha juu ya paa la gari hakikucheza hata kijiko chake.

"Umesikia?" Redio alisema, na maneno yote aliyoyabana yakataka kutoka pamoja. "Anasikiwa!"

Wakatoka, mkunga akiendesha, Mama Tochi pembeni. Njia panda ya kwanza mkunga akainua mguu na gari likabaki linanguruma. Ya pili vilevile. Mama Tochi alikuwa ameanza kupanga maneno ya kurudi nayo nyumbani wakati walipoukabili mlima, mkunga akakanyaga, na chini ya boneti ikatoka sauti ndefu, *fssss*, kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Gari halikuvuta. Liliupanda mlima kama mzee na mzigo.

Waliporudi, ile *fssss* iliwatangulia kuingia.

"Turbo," Mwenyekiti alisema, na simu ilikuwa tayari mkononi. "Nilisema au sikusema? Ngoja niwaambie wapakie."

Mama Tochi alishuka. Aliyaona macho ya watu yakihama kutoka kwake kwenda kwenye kiti, kama macho ya watu yanavyohama siku zote. Mumewe alikuwa ameinua kichwa, amekiinamisha upande ule anaousikilizia magari.

"Hiyo sauti..." Fundi alianza.

"Usiniambie. Naijua." Alipumua. "Hewa inavuja baada ya turbo. Ni ile klipu ya chini. Nimeikaza bila kuiona." Kisha akaongeza sauti, ili wa nyuma nao wapate. "Nimekosea mimi."

"Mmesikia?" Mwenyekiti alisema. "Kakosea. Mwenyewe kakiri."

"Nimekosea, na ninakwenda kulitengeneza kosa langu. Wewe hujakosea, shemeji, kwa kuwa hujafanya kitu." Akaiokota tochi, akaipangusa kwenye koti, akamnyooshea mumewe. "Simama. Wa kushoto haukuvunjika."

Fundi aliitazama tochi kama kitu kutoka nchi nyingine. Kaka yake alikuwa anamtazama. Wapangaji walikuwa wanamtazama. Kisha akainuka kwenye ndoo, akaishika, akaja kusimama ubavuni mwa gari, plasta imetokeza mbele kama mkono wa sanamu.

Mama Tochi akainama. Mwanga ukaangukia betri.

"Chini," alisema.

Mwanga ukaenda kwenye feni.

"Mume wangu, mulika ninapofanya kazi mimi, si unapopatazama wewe."

Redio alipiga kofi paja lake mwenyewe. Fundi alifungua mdomo wa kujibu, na pengine hapo yalimrudia masikioni yote aliyowahi kuyasema kutoka chini ya magari, kwa sababu aliufunga, akasogea, akainamisha tochi mpaka mwanga ukaingia kule nyuma ya kipozeo.

Hii hapa. Klipu ilikuwa imepanda juu ya ukingo wa bomba, upande mmoja umeuma mpira, upande mwingine umeuma hewa. Mama Tochi akailegeza, akalisukuma bomba hadi mwisho, akairudisha klipu kwenye mfereji wake, na safari hii akaikaza akiitazama.

"Robo zaidi," Fundi alisema kwa sauti ndogo.

Akaongeza robo. Neno la haki halina mwenyewe.

Mkunga akaondoka peke yake. Walimsikia akifika njia panda, wakamsikia akisimama, akiondoka. Kisha wakausikia mlima: injini ikapandisha sauti moja tu, nene, yenye kifua, bila nyoka ndani yake, na ikapotea upande wa pili. Aliporudi hakulizima gari. Aliteremsha kioo.

"Mwezi ujao nataka breki ziangaliwe," alisema. "Namwulizia nani?"

"Ulizia fundi," Fundi alisema, tochi bado inawaka mkononi. "Wa koti refu."

Mkunga akaenda zake. Wapangaji walianza kuitafuta chai, na Redio alikuwa tayari ameshaegemea ukuta akimsimulia mtu wa upande wa pili, throto sasa akiijua kuliko aliyeitengeneza. Mwenyekiti alirudisha simu mfukoni, akajipangusa suruali, akaelekea mlangoni kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka shughuli.

"Shemeji," Mama Tochi alisema. "Ufunguo wa banda."

"Gari moja si kazi."

"Ndiyo. Ufunguo."

"Nitauleta kesho. Umo humu na nyingine, umebana."

"Mlisema leo. Sote tulikuwepo."

Alitazama kushoto na kulia akitafuta aliyekuwa upande wake. Mdogo wake alikuwa ameketi kwenye kile kiti kizuri, amenyoosha miguu. Basi Mwenyekiti akalitoa shada la funguo, akaanza kuichokoa ile pete ya chuma kwa ukucha. Pete ilikuwa ngumu, banda lilikuwa na giza, na vidole vyake vilikuwa vinene. Ukucha ukateleza mara moja, ukateleza tena.

Mama Tochi akaichukua tochi kwa mumewe, akasogea karibu kabisa, akammulikia vidole.

"Si hapo," Mwenyekiti alisema kwa hasira, bila kuinua kichwa. "Huku. Mulika huku."

"Namulika," Mama Tochi alisema. "Wewe toa."